Rodney wa Mlimani na Watu Wake

Niseme mapema, nisije nikajipachika ukaribu nisiokuwa nao: sikuwa rafiki wa Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana. Nilikuwa mmoja tu wa wanafunzi waliojazana kumsikiliza pale Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, kati ya mwaka 1969 na 1972, na sidhani kama alilijua jina langu. Niliowajua zaidi ni watu wake, wengine kwa kusoma nao, wengine kwa kupishana nao ngazini. Hao ndio ninaotaka kuwaandika. Kila Juni inapofika hukumbushwa habari za bomu lililomuua, na kijana anayesoma huondoka akidhani huyu alikuwa mtu wa peke yake, aliyezunguka dunia na mzigo wake wa vitabu. Mimi niliona vingine. Serikali zilimfungia mlango huku na huku, na kila mara alikuwepo mtu wake wa kumfungulia mwingine.

Nilifika Dar es Salaam Julai 1969 nikitokea kambi ya mkonge karibu na Korogwe. Chuo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi; cha kwetu kilisimama chenyewe Julai 1970. Rodney naye alikuwa amerudi karibuni, maana alishawahi kufundisha hapo mwaka 1966 na 1967. Waliotutangulia hawakuanza kutusimulia elimu yake. Walianza na namna alivyofukuzwa Jamaika.

Wasifu wake tuliupata kwa mdomo, kipande kipande. Alizaliwa Georgetown, Guyana, Machi 1942. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mshonaji, na kijana akasoma kwa kupata nafasi za ufadhili. Chuo Kikuu cha West Indies kule Jamaika alimaliza historia mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Akaenda London, akapata udaktari mwaka 1966 akiwa na miaka 24, kwa utafiti juu ya pwani ya Guinea ya Juu na biashara ya utumwa. Kwa kazi hiyo alijifunza Kireno na Kihispania, akakaa kwenye nyaraka za Lisbon, Seville na Roma. Sisi wa kambi ya mkonge, ambao safari yetu kubwa ilikuwa basi la kuja Dar, tulikuwa tukiyahesabu majina ya miji hiyo kwa vidole.

London ndiko alikokutana na C.L.R. James, mzee wa Trinidad aliyeandika historia ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti. James na mkewe Selma walikuwa wakiwakusanya vijana wa Karibiani nyumbani kwao, wanasoma pamoja na kuulizana maswali magumu. Ukitaka kujua tabia ya Rodney ya kufundisha nje ya darasa ilianzia wapi, nadhani ni pale sebuleni, ambako mtu hakuachiwa kusema jambo asiloweza kulitetea.

Januari 1968 alikwenda kufundisha Jamaika. Akimaliza kipindi chuoni alishuka mitaa ya masikini ya Kingston, akaketi na Marasta na vijana wasio na kazi, akazungumza nao historia ya Afrika. Profesa anayekaa kitako uani na Marasta! Serikali ya Hugh Shearer haikupendezwa. Oktoba mwaka huo alikwenda Montreal, Kanada, kwenye kongamano la waandishi weusi. Aliporudi tarehe 15 alikatazwa kushuka kwenye ndege, na mkewe Patricia akiwa Kingston. Kesho yake wanafunzi waliandamana na mji ukalipuka.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa habari ya watu wake. London walikuwepo mke na mume kutoka Guyana, Jessica na Eric Huntley. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Baada ya rafiki yao kufungiwa Jamaika, waliona dawa ni kuyachapisha yale aliyokuwa akiyasema mitaani, ili anayekatazwa kuingia yeye aingie kwa maandishi. Wakaanzisha kampuni nyumbani kwao, wakaipa jina la Paul Bogle, kiongozi wa uasi wa Morant Bay wa 1865, na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Kitabu chao cha kwanza, cha mwaka 1969, kilikuwa hotuba hizo za Rodney. Mpaka leo sijaona jibu zuri kuliko hilo kwa amri ya uwanja wa ndege.

Mlimani alikuwa mwembamba, nywele zake amezichana Kiafrika, ndevu za kidevuni, mashati ya kitenge au ya rangi moja yasiyochomekewa. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliongea taratibu, sentensi zimenyooka, na Kiingereza chake cha Karibiani kilitusumbua wiki za kwanza kisha tukakizoea. Ukumbi mkubwa ambao leo unaitwa Nkrumah ulikuwa ukijaa hadi watu wanasimama madirishani, wakiwemo wa sheria, wa sayansi, hata watu wa mjini ambao hawakuwa wanafunzi. Akiulizwa swali la kijinga alilijibu kwa uzito uleule aliojibu swali la maana. Hilo lilitushangaza sisi tuliolelewa na walimu wa viboko.

Mwaka 1967 wanafunzi walikuwa wameanzisha jumuiya yao ya mapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Siku za Jumapili palikuwa na darasa la itikadi, lisilo na mtihani wala cheti. Wakati wengine wanakwenda kanisani, wengine wanakwenda kuogelea Oyster Bay, sisi tunabishana juu ya Marx, Fanon na Azimio la Arusha. Rodney alikuwa akihudhuria, na pale hakuwa dokta. Aliitwa ndugu, au komredi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliweza kumwambia kwamba hoja yake haijakamilika. (Waliosoma darasa lile walitawanyika kila upande. Wengine wakaja kuwa mawaziri, mmoja rais, na baadhi yao walifika huko kwa njia ambazo darasa la Jumapili halikuzifundisha.)

Jumuiya ilikuwa na jarida, *Cheche*. Wahariri wake walikuwa wanafunzi, akina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mimi sikuandika kitu humo. Kazi yangu ilikuwa ya mikono. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, stensili inavishwa kwenye mashine ya kurudufia, mtu mmoja anazungusha mkono wa mashine na mwingine anapokea karatasi. Kisha kurasa zinapangwa juu ya meza ndefu, kila rundo na namba yake, na sisi tunaizunguka meza mmoja nyuma ya mwingine tukiokota karatasi moja moja mpaka jarida linakamilika mkononi, halafu linabanwa pini. Wino ule mweusi haukutoka kwa sabuni; kesho yake darasani ungejua nani alikuwa kwenye meza usiku. Mwaka 1970 toleo zima lilibeba insha ya mwanajumuiya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya Tanzania, na Rodney akawa miongoni mwa walioandika kuijadili. Novemba mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku jarida, na jumuiya nayo ikafungwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba jina lilikuwa limeigwa kutoka gazeti la Lenin, na Tanzania haikuhitaji itikadi ya kuazima.

Kabla ya hapo, Desemba 1969, Rodney mwenyewe alikuwa ameonja ukali wa wenyeji wake. Alitoa hotuba kwenye semina ya vijana, akasema tawala nyingi za Kiafrika zilizopokea uhuru ni za kupinduliwa, hotuba ikatoka kwenye gazeti la *The Nationalist* lililokuwa chini ya Benjamin Mkapa. Siku chache baadaye gazeti hilohilo likatoa tahariri ya kumkaripia, kwamba hayo ni maneno matupu ya kimapinduzi na kwamba Tanzania haitakuwa jukwaa la kuchochea fujo nchi jirani. Chuoni ilisemwa wazi kwamba kalamu ilikuwa ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Tulingoja kusikia amepewa saa 24 za kuondoka. Hakupewa. Aliandika barua ya kujibu na akaendelea kufundisha. Nawaambia vijana wanaoitukana Tanzania ya wakati ule, na wale wanaoisifu kupita kiasi, waitazame mizani hiyo: Jamaika ilibishana na Rodney kwa polisi, Dar es Salaam ilibishana naye kwa tahariri, kisha ikamlipa mshahara. Na ndio Dar es Salaam hiyohiyo iliyoifunga *Cheche*.

Sasa niseme la kwetu. Baba yangu alikuwa Muha wa Kasulu, aliyeletwa Korogwe na Silabu baada ya vita. Silabu ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoundwa mwaka 1944 kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Watu walioletwa hivyo waliitwa manamba, na mtoto wa manamba shuleni alijua kunyamaza akiulizwa kwao wapi. Rodney alipoanza kufundisha kwamba mikoa fulani ya Tanganyika iliachwa bila zao wala barabara ili itoe watu wa kufanya kazi kwenye mikoa mingine, nilikaa kimya, lakini likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa mzee.

Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya kambi, upande ambao upepo hauleti harufu ya korona, yaani kile kiwanda cha kusaga majani. Nikamwomba anieleze habari za Silabu.

"Chuo chenu kinataka kujua habari za Silabu?" akacheka. "Mwanangu, hamna vitabu huko?"

Nikamwambia vitabu vipo, ila vimeandikwa na wenye mashamba. Hapo akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na kipande, kadi ya kazi yenye vyumba 30, kila chumba siku moja. Majani yalikatwa, yakafungwa mafungu ya majani thelathini thelathini, na mtu alipangiwa idadi ya mafungu kwa siku. Nyapara akihesabu ukapungukiwa, chumba hakikutiwa alama, na siku isiyo na alama haikulipwa. Kipande cha siku 30 kiliweza kula mwezi na nusu. Aliniambia walivyopanda treni Kigoma, walivyoshushwa Morogoro na kupakiwa lori, na kwamba blanketi alilopewa njiani lilikuwa kitu kipya cha kwanza alichomiliki tangu azaliwe. Kwenye vidole vyake vya mkono wa kushoto palikuwa na makovu ya miiba ya ncha za majani. Nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote nisiyaulize.

Siyasimulii haya kwa sababu utafiti wangu ulikuwa na maana. Ulikuwa insha ya mwanafunzi, ikapata alama ya kawaida. Nayasimulia kwa sababu kazi yenyewe ilifanywa na wengine, na namna ilivyofanywa ndiyo habari. Rodney alishughulikia historia ya vibarua wa mkonge pamoja na wanafunzi wawili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago. Sago alitazama Kasulu walikotoka watu, Tambila akatazama Tanga walikofikia. Kazi za watatu hao zilichapishwa pamoja mjini Hamburg mwaka 1983. Wakati huo Rodney alikuwa amekufa miaka mitatu, na jina lake lilikuwa bado limekaa jaladani pamoja na ya wanafunzi wake. Maprofesa niliowajua baadaye walikuwa wepesi zaidi kutumia kazi ya mwanafunzi kuliko kukaa naye jalada moja.

Hata kile kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, *How Europe Underdeveloped Africa*, kilitoka hivyohivyo. Kilichapishwa mwaka 1972 na akina Huntley kule London wakishirikiana na Tanzania Publishing House hapa Dar, iliyokuwa chini ya Walter Bgoya. Soma utangulizi wake. Anawashukuru Hirji na Mapolu, wanafunzi, kwa kuusoma mswada na kuukosoa. Kisha anakataa kuongeza ile sentensi ambayo waandishi wote huiandika, kwamba makosa yaliyobaki ni yake peke yake. Kwa maoni yake huo ni ubinafsi wa kibwanyenye, kwa kuwa kazi ya namna ile wajibu wake ni wa wengi. Tulicheka tulipousoma, tukadhani anatania. Hakuwa anatania. Neno la mwisho la kitabu aliliandika Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri. Aprili mwaka huohuo wa 1972 Karume, rais wa Zanzibar, aliuawa, Babu akawekwa kizuizini kwa kushukiwa kuhusika, asitoke mpaka 1978. Kwa hiyo tulikuwa tukinunua kitabu dukani mjini na kukisoma kwa uhuru kabisa, na mmoja wa walioandika ndani yake yuko jela ya nchi hiyohiyo. Hatukuwa na pa kulalamikia.

Na urafiki wao haukuwa wa kusifiana. Shivji na wenzake waliona viongozi wetu wanageuka tabaka jipya la watawala, na kwamba Ujamaa unawafunika. Rodney, mwaka 1972, aliandika kwamba Ujamaa wa Tanzania ulikuwa na ukoo mmoja na ujamaa wa kisayansi na ulistahili kutetewa. Vijana walimwambia usoni kwamba anamwonea haya Nyerere kwa kuwa ni mgeni. Mimi nilikuwa upande wa vijana. Leo, nikiwa nimeona yaliyofuata, naona kila upande ulikuwa na nusu ya kweli, lakini ile nusu ya akina Shivji imeishi zaidi. Walibishana hivyo na jioni wakala pamoja.

Mwaka 1974 aliondoka. Wengi waliuliza kwa nini mtu aache nchi iliyompokea, akijua Guyana ya Forbes Burnham ilikuwa ya namna gani. Baadaye mwenyewe alieleza, na maelezo yake yananigusa kila ninapoyakumbuka: alisema mtu akitaka kufanya siasa ya kweli lazima awe ndani ya lugha na utamaduni wa watu wake, na kwamba Kiswahili chake kisingefika pale pa kuelewa utani, mafumbo na yale yasiyosemwa. Kuna wageni wamekaa hapa miaka arobaini na hawajalitambua hilo.

Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemkubalia uprofesa wa historia. Serikali ikautengua. Akabaki, hana kazi, akifundisha kwa muda Marekani na Ujerumani na kurudi nyumbani kila mara. Pale Guyana watu wa asili ya Afrika na wa asili ya India waligawanywa na vyama, yeye na wenzake wa Working People's Alliance wakawa wanaitisha mikutano ya wote pamoja. Kwa watoto aliandika vitabu viwili vidogo, kimoja juu ya mvulana aliyetoka Afrika na kingine juu ya msichana aliyetoka India. Mwaka 1980 Zimbabwe ilipopata uhuru alikwenda kwenye sherehe. Angeweza kubaki Afrika. Alirudi.

Tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ndani ya gari la mdogo wake, Donald, mjini Georgetown. Redio ya mawasiliano aliyokuwa amepewa na mtu wa jeshi, Gregory Smith, ililipuka mapajani mwake. Alikuwa na miaka 38. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nikasikia kwenye redio wakati nasahihisha madaftari. Nikawaambia wenzangu chumbani. Mmoja akauliza ni Rodney yupi, mwingine akaondoka nje bila kusema neno; kumbe naye alikuwa wa Mlimani, na tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka miwili bila kujuana hivyo.

Watu wake hawakukaa kimya. Akina Huntley walilibadilisha jina duka lao la vitabu London mwaka huohuo, likawa Walter Rodney Bookshop. James, mzee aliyekuwa mwalimu wake, akabaki kumzungumzia mwanafunzi aliyemtangulia kufa. Historia ya wafanyakazi wa Guyana aliyoiacha mswada ikatoka mwaka 1981. Patricia akawalea watoto watatu ugenini, na hatimaye karatasi za mumewe zikahifadhiwa kwenye maktaba ya vyuo vikuu vya Atlanta, Marekani, ambako familia ilianzisha taasisi ya jina lake mwaka 2006. Hapa kwetu Hirji alikuja kuhariri kitabu kizima juu ya *Cheche*, pamoja na stensili zake.

Huko Guyana Donald, aliyejeruhiwa ndani ya gari lile, ndiye aliyetiwa hatiani kwa kosa la kupatikana na mlipuko. Gregory Smith alikimbilia Guiana ya Ufaransa na akafia huko bila kufikishwa mahakamani. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 2016 ilisema mauaji yale yalifanywa kwa msaada wa dola na kwamba Burnham alikuwa na habari. Mahakama ya Rufaa ikamsafisha Donald mwaka 2021, miaka zaidi ya 40 baada ya mlipuko. Cheti cha kifo cha Walter Rodney kilikuwa kimeandikwa kwamba marehemu hakuwa na kazi na kwamba kifo kilikuwa cha ajali. Mwaka huo wa 2021 serikali ya Guyana ilitangaza kukirekebisha: aina ya kifo, kuuawa, kazi ya marehemu, profesa.